Watoto wa Kibumba wanajua "dame", wafundishwe pia "soy"

Kwa miaka mingi, mutoto aliyekulia kando ya barabara ya taifa namba 2, kati ya Goma na Rutshuru, alijifunza lugha za kigeni kupitia dirisha la gari. Misafara ya MONUC, kisha ya MONUSCO, ilikuwa inapita Kibumba, na watoto walikuwa wanaikimbilia wakipiga kelele: "Biscuit! Biscuit!" Na kwa kuwa wanajeshi wa Uruguay walikaa katika inchi yetu kwa zaidi ya miaka 20, wengi wao hapa Goma, nilisikia pia maneno mengine katika midomo ya watoto: "amigo", "agua", "dame". Hilo la mwisho ni verbe ya Kihispania. Maana yake ni "unipatie".

Simulaumu mutoto anayeomba. Mwenye njaa haulizwi kwa nini ananyoosha mukono. Lakini kama mwalimu, kuna jambo linaniuma: kitenzi cha kwanza cha Kihispania kilichofika kwetu ni cha kuomba. Hakuna aliyewafundisha watoto wale kusema "doy", maana yake "natoa". Hakuna aliyewafundisha "soy", maana yake "mimi ni". Walijua kumwita mugeni na kumuomba. Kumwambia wao ni nani, hawakujua.

Musomaji atasema: inchi iko katika vita, na mwalimu anatuletea mambo ya kukonjuge! Ninamuomba uvumilivu kidogo. Ninayotaka kusema yanahusu miaka ya masomo ambayo watoto wetu wamepoteza, na namna ya kuirudisha bila kungojea pesa za mutu.

Daftari la Kanyaruchinya

Mwezi wa Novemba 2022, vita vilipofika Kibumba, sisi wakaaji tulishuka na magodoro juu ya kichwa mpaka Kanyaruchinya. Mimi ninafundisha Kifaransa katika sekondari. Masomo yalisimama, mushahara pia, na nikabaki mwalimu bila ubao.

Jioni moja nilimukuta mupwa wangu, binti wa miaka 13 wakati ule, ameketi mbele ya kibanda cha bâche akiimba kama wimbo wa kanisa: "hablo, hablas, habla, hablamos, habláis, hablan". Alikuwa ameazima kitabu cha zamani cha Kihispania, kimepasuka pasuka, hakina mwanzo wala mwisho, na alikuwa amenakili kurasa mbili ndani ya daftari lake.

Nikamuuliza maana yake. "Ni verbe, mujomba." Verbe gani? "Kusema." Sawa. Sasa katika "hablo", nani anasema?

Akatazama mbele ya neno, akatafuta kitu kama "je" ya Kifaransa. Hakukuta. "Mujomba, hapa hakuna mutu."

"Na mu 'nasema', mutu iko wapi?"

Akanyamaza. Kisha akacheka, maana alikuwa amemuona mutu: yuko pale pale ndani ya "na" ya mwanzo. Miaka 6 ya masomo ya msingi alikuwa amekonjuge vitenzi vya Kifaransa kila wiki. Hakuna siku hata moja ambayo mutu alimuomba atazame kitenzi anachotumia mwenyewe tangu alipofungua kinywa.

Kichwa na mukia

Tulinganishe kidogo, maana hapa ndipo kuna faida kubwa ambayo tunaitupa.

Mufaransa anaandika "je parle, tu parles, il parle, ils parlent". Kwa macho, ni namna tatu za kuandika. Kwa masikio, ni sauti moja mara nne. Ndiyo sababu Kifaransa kinalazimishwa kuweka "je", "tu", "il" mbele, la sivyo hatujui nani anasema. Kiingereza kiko karibu hivyo: kitenzi chake kinabadilika tu kwa mutu wa tatu, pale kinapoongeza "s".

Kihispania kina njia nyingine. Kitenzi "hablar", kusema, kinakatwa mwisho wake "-ar", kisha kinapewa mukia mupya. "Hablo", nasema. "Hablas", unasema. "Habla", anasema. "Hablamos", tunasema. "Hablan", munasema ao banasema. Neno "yo", maana yake "mimi", lipo, lakini halilazimishwi. Linatumiwa pale unapotaka kukaza: "yo hablo", mimi ndiye nasema, si mwingine.

Sasa tusikilize Kiswahili cha hapa kwetu: nasema, unasema, anasema, tunasema, munasema, banasema. Je, tunalazimishwa kutia "mimi" mbele? Hapana. Tunaitia pale tunapotaka kukaza: "Mimi nasema, wewe nyamaza!" Ni kanuni ile ile ya Kihispania. Tofauti ni pahali mutu alipowekwa. Kiswahili kinamuweka katika kichwa cha kitenzi, Kihispania kinamuweka katika mukia.

Mutoto akielewa hilo sentensi moja, amekwisha kuelewa nusu ya wakati wa sasa wa Kihispania. Inayobaki ni kujua mikia. Na mikia si mingi. Vitenzi vyote vya Kihispania vinaishia kwa "-ar", "-er" ao "-ir". "Comer", kula, inatoa como, comes, come, comemos, comen. "Vivir", kuishi, inatoa vivo, vives, vive, vivimos, viven. Kati ya "-er" na "-ir", kwa maneno haya, tofauti inasikika pale tu unaposema "sisi": comemos, vivimos. Jioni mbili zinatosha.

Na ile "habláis" ya kitabu? Hiyo ni ya Uhispania, pale unaposema na watu wengi unaowazoea. Uruguay, Guatemala na inchi zingine za Amerika wanasema "ustedes hablan". Zaidi ya hapo, kitabu kinafundisha "tú tienes", wewe una, na askari wa Uruguay anasema "vos tenés". Mutoto wa Goma aliyesikia "tenés" kwa askari anaweza kuambiwa na kitabu kwamba amekosea. Hakukosea. Alisikia Kihispania cha watu wenyewe, kama vile sisi tunavyosema "banasema" na kitabu cha Dar es Salaam kikasema "wanasema". Lugha kubwa zote ziko na nyumba nyingi.

Vitenzi vinavyokataa amri

Walimu wanapenda kuogopesha watoto na vitenzi ambavyo havifuati kanuni. Katika Kihispania, "poder", kuweza, inatoa puedo, puedes, puede, podemos, pueden. Kwa nini "o" imegeuka "ue" mara nne na ikabaki "o" pale pa "sisi"? Kitabu cha mupwa wangu hakikueleza. Kilisema tu: ukariri.

Sababu ni sauti. Sauti inapokaza juu ya shina la kitenzi, shina linapasuka: PUEdo. Sauti inapohamia kwenye mukia, shina linatulia: poDEmos. Hata askari wa Uruguay anafuata kanuni hiyo: anasema "podés", kwa sababu kwake sauti inakaza mwisho. "Querer", kutaka, inaenda vile vile: quiero, quieres, quiere, lakini queremos.

Nilipomweleza hivyo binti huyo, aliniuliza kama Kiswahili nacho kina ujinga wa namna hiyo. Nikamwambia: kwa nini unasema "nakula", lakini mama yako akisema mukae kwenye sahani anasema "tule"? Ile "ku" imeenda wapi? Kiswahili kinakaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kitenzi cha kula ni kifupi sana, ni "la" peke yake. Katika "nakula", ile "na" haikubali kubeba sauti, basi "ku" inabaki ili iibebe. Katika "tule", "tu" inaibeba yenyewe, na "ku" inaondoka. Mutoto wa miaka 3 wa Kibumba anafanya hesabu hiyo kila siku wakati wa chakula, bila kukosea. Na mutoto huyo huyo tunamwambia katika sekondari kwamba hana akili ya sarufi!

"Niko nakula": kosa ao utajiri?

Kuna jambo jingine. Katika Goma tunasema "niko nakula", "uko unalima", kwa kitu kinachofanyika saa hii. Wengi wetu tulifundishwa kwamba hicho ni Kiswahili kibovu, Kiswahili cha soko. Mimi pia nilisahihisha watoto na kalamu nyekundu.

Lakini Kihispania kina kitu hicho hicho, na hakuna anayekionea haya. "Como" ni nakula, saa hii ao kila siku. "Estoy comiendo" ni niko nakula, usinisumbue. "Estoy" ni "niko", na neno linalofuata linasema unafanya nini. Mutoto wa Goma anaipata bila shida, kuliko mutu anayejua Kiswahili cha kitabu peke yake.

Hata kusema uko na nini, tuko karibu. "Tengo hambre": niko na njaa. "Tengo sed": niko na kiu. "Tengo miedo": niko na woga. "Tengo trece años": niko na miaka 13. Njaa, kiu, woga na miaka, Muhispania "anakuwa navyo" kama sisi. Kifaransa nacho kinafanya hivyo, "j'ai faim", lakini nani aliwahi kumuonyesha mutoto kwamba sentensi ile ni dada ya sentensi yake?

Mimi ni, na niko

Sasa ninafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kihispania kina vitenzi viwili pale ambapo Kifaransa kina "être" peke yake. Cha kwanza ni "ser": soy, eres, es, somos, son. Cha pili ni "estar": estoy, estás, está, estamos, están. Watu wengi duniani wanaojifunza Kihispania wanalia hapa. Wanaambiwa: "ser" ni kwa mambo ya kudumu, "estar" ni kwa mambo ya kupita. Kanuni hiyo inasaidia kidogo, kisha inavunjika, maana mutu aliyekufa wanasema "está muerto", na kifo hakipiti. Ni afadhali kusema hivi: "ser" inajibu wewe ni nani ao ni wa wapi. "Estar" inajibu uko wapi na uko katika hali gani. Neno hilo lenyewe lilitoka katika Kilatini "stare", kusimama. Ni pale ulipo, namna unavyosimama sasa.

Kiswahili kinajua tofauti hiyo. "Mimi ni mwalimu." "Niko Goma." Ni kweli kwamba sisi wa Kivu tunapenda kutumia "niko" kwa yote: niko mwalimu, niko mugonjwa, niko Kibumba. Hapo mutoto wetu atahitaji kufikiri mara mbili. Lakini "ni" anaijua, anaisikia kila siku, na akiamshwa kidogo anaitofautisha.

Nilimuomba mupwa wangu aandike sentensi mbili juu yake mwenyewe. Kwanza aliandika: "Soy de Kanyaruchinya." Nikamuuliza kama ni kweli. Akaniambia kwamba kila fomu ambayo mutu alimujazia tangu tulipofika ilikuwa imeandikwa Kanyaruchinya, na chini yake "déplacée". Alifikiri jibu ndilo hilo.

Nilikaa kimya. Kisha nikamuonyesha: pale ulipozaliwa, pale ambapo bibi yako amezikwa, unatia "soy". Pale ambapo vita vimekutupa, unatia "estoy". Akafuta, akaandika upya: "Soy de Kibumba. Estoy en Kanyaruchinya."

Kihispania chenyewe kinaruhusu mutu aseme "soy desplazada" ao "estoy desplazada". Ya kwanza inalifanya kuwa jina lako. Ya pili inasema ni hali iliyokukuta. Binti huyo alichagua ya pili, na hakuna aliyemushurutisha.

Watu wa Kibumba tunajua uzito wa jambo hilo kuliko wengine. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu katika eneo la Goma, na Kibumba ikawa moja ya kambi kubwa, pamoja na Katale na Mugunga. Hapa hakuna mito, udongo wa volkano unakunywa mvua yote, basi maji yaliletwa na magari, na kipindupindu kiliua watu wengi sana. Kambi ile ilivunjika katika vita vya Oktoba 1996. Lakini kwa wageni wengi, jina la Kibumba lilibaki jina la kambi. Hawakujua kwamba Kibumba ni kijiji cha walimaji, karibu na hifadhi ya Virunga, kinachopeleka kabichi, viazi, karoti na poireaux katika masoko ya Goma. Waliona "está" yetu ya miaka miwili, wakaifanya kuwa "es" yetu.

Tangu Novemba 2022 mambo hayo yamerudia kwa namna nyingine. Tarehe 23 Desemba 2022 kulikuwa sherehe ya kukabidhi Kibumba kwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Oktoba 2023 bunduki zililia tena. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika ndani ya Goma yenyewe, na askari mumoja wa Uruguay alikuwa kati ya wale waliouawa siku hizo. Katikati ya yote hayo, kuna watoto ambao nusu ya miaka yao ya masomo wameipitisha katika hema. Hao wasipofundishwa kusema "mimi ni" kwa sauti yao wenyewe, wengine watawasemea.

Watakaonipinga

Ninajua yatakayosemwa.

Wa kwanza atasema: Kihispania cha nini, na watoto hawajui hata Kifaransa? Ninajibu kwamba siombi Kihispania kiingizwe katika programu ya masomo. Ningependa, maana ni moja ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, na hapa Afrika inchi ya Guinea ya Ikweta inakitumia tangu ilipokuwa koloni ya Uhispania mpaka uhuru wake mwaka 1968. Lakini hatuna walimu, na sitaki kudanganya wazazi. Ninachoomba ni njia. Mutoto aliyeona kwamba "hablo" na "nasema" ni ndugu, ukimurudisha kwenye "je parle" ataelewa kwa nini Kifaransa kinahitaji "je". Atakielewa Kifaransa vizuri zaidi, na mutihani wa serikali unafanywa kwa Kifaransa.

Wa pili atasema: Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa watoto wote wa huku. Ni kweli. Lakini Kinyarwanda nacho kinaweka mutu katika kichwa cha kitenzi: ndavuga, uravuga, aravuga. Kihunde na Kinande vinafuata njia hiyo hiyo. Mwalimu achukue lugha ambayo mutoto anayo. Njia haibadiliki.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemuheshimu zaidi, ni mama atakayesema: mwalimu, mutoto wangu anahitaji dawati, daftari na usalama. Mama, una haki. Sina dawati la kukupa. Lakini kutia kitenzi cha Kiswahili kwenye ubao, pembeni ya kitenzi cha Kifaransa, hakuhitaji pesa wala mufadhili. Kunahitaji mwalimu aache kuona haya juu ya lugha yake.

Sheria iko, kazi ibaki yetu

Na sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inataka lugha za taifa ao lugha za pahali zitumiwe katika kufundisha na kujifunza. Mwezi wa Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lakini kuna masomo mengi ambapo mutoto anayesema Kiswahili ndani ya darasa anaazibiwa mpaka leo.

Basi ninaomba mambo manne.

Kwa walimu wenzangu: kila mara munapofundisha kitenzi kipya, cha Kifaransa, cha Kiingereza ao cha lugha nyingine, muanze kwa kuuliza watoto wanakisemaje nyumbani. Muandike umbo hilo kwenye ubao, hata kama ni "banasema". Kisha muulize: mutu iko wapi ndani ya neno hili?

Kwa wakaguzi wa masomo: musimuhukumu mwalimu anayefanya hivyo. Yeye ndiye anayefuata sheria.

Kwa redio zetu za muji: dakika 10 kwa siku za kulinganisha vitenzi zinaweza kumufikia mutoto ambaye yuko mbali na darasa. Redio inaingia pahali ambapo mwalimu hawezi kufika.

Na kwa wazazi: mutoto akirudi anaimba "hablo, hablas" ao "je suis, tu es", musimuulize amepata alama ngapi. Mumuulize nani anasema.

Mupwa wangu sasa ana miaka 16. Kambi za Goma na pembezoni zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, jamaa letu lilipanda tena barabara ile ile namba 2. Nyumba tuliikuta bila mabati, shamba limemezwa na majani. Wiki ya pili tulianza kulima, na mwezi uliofuata mama yake alipanda kabichi. Daftari lake bado analo, limeloweshwa na mvua, karatasi zimekuwa ngumu. Juzi nililifungua. Chini ya sentensi zile mbili za Kanyaruchinya, alikuwa ameandika zingine kwa kalamu ya rangi nyingine: "Soy de Kibumba. Estoy en Kibumba."

Sikuwa na kosa la kusahihisha.